Hii .env Isipakiwe Kimyakimya

Wasee wangu, leo hatuongelei simu mpya, wala nani amepata kazi ya kulipwa kwa dola akiwa kejani. Leo ni faili moja ndogo. Mistari kumi, labda kumi na tano. Ukifungua folda huioni mpaka uombe kuonyeshwa faili zilizofichwa. Inaitwa .env.

Msimamo wangu nautoa mapema, ndio hata wewe unayesoma ukiwa kwa matatu na bando inaelekea kuisha ubebe kitu. Programu inayokuendeshea kazi kwenye mstari wa amri isijichagulie .env yenyewe. Wewe ndiye uitaje faili kwa jina. Na ikikosekana, kazi isimame hapo hapo, isiende kutafuta nyingine.

Kuna mtu tayari ameanza kuandika hapo chini, "Lakini buda, hiyo si ni kitu kidogo tu?" Tulia. Tutafika kwako.

Hii .env ni nini hasa

Kwa wageni, twende polepole. Programu ikianza kukimbia haianzi mikono mitupu. Inakuta imeshawekewa orodha ya majina na thamani zake: anayenitumia ni nani, folda yake ni gani, lugha yake ni ipi. Hivyo ndivyo vigeu vya mazingira, na si jambo la jana. Vilikuja na toleo la 7 la Unix, mwaka wa 1979, kabla wengi wetu hapa hatujazaliwa.

Mwaka wa 2011 hivi, Adam Wiggins na wenzake wa Heroku walitoa kanuni kumi na mbili za kutengeneza programu za mtandaoni. Moja inasema kwamba chochote kinachobadilika kutoka seva moja hadi nyingine, kama nywila ya hifadhidata, kisikae ndani ya msimbo. Kikae kwenye mazingira. Ushauri mzuri sana. Lakini nani ataandika vigeu kumi na tano kila akifungua dirisha jipya? Watu wakaviweka kwenye faili, wakaiita .env, wakaiambia Git isiiguse, halafu wakatafuta wa kuipakia.

Anayeipakia mara nyingi ni kiendesha kazi. Mzee wao ni make, iliyoandikwa na Stuart Feldman pale Bell Labs mwaka wa 1976. Siku hizi vijana wanapenda just, ya Casey Rodarmor, au Task, ile inayosoma Taskfile. Wazo ni lile lile: badala ya kukariri amri ndefu, unaandika `just jaribu` na kila kitu kinafanyika, pamoja na kupakia .env.

Sasa angalia .env ya kawaida ya kijana wa Nairobi. Karibu lazima kuna Daraja humo, ule mlango wa Safaricom unaounganisha programu yako na M-Pesa. Utapata funguo mbili za kujitambulisha, namba ya biashara, neno la siri la STK Push, anwani ya hifadhidata ya wateja, na anwani ya Daraja yenyewe. Hiyo anwani ya Daraja ziko mbili. Ya majaribio ni sandbox.safaricom.co.ke. Ya kweli ni api.safaricom.co.ke. Neno moja ndilo linatenganisha mchezo na pesa ya mtu.

Saa tatu usiku, Kangemi

Kuna biashara moja ndogo huku upande wa Kangemi, sitaitaja, inayopelekea watu maji ya kunywa ya mitungi. Mteja anaagiza kwa simu, anapata ujumbe wa kulipa wa STK Push, anaweka PIN, maji yanafika. Fundi aliyewatengenezea mfumo alishaenda zake kazi nyingine. Wakachukua kijana wa atachimenti, mwanafunzi, amalizie sehemu ya kuwakumbusha wateja wenye madeni.

Kijana akafanya kila kitu vile tulifundishwa. Akavuta msimbo kutoka Git hadi folda mpya, ndani ya folda kubwa ya kazi kwenye kompyuta ya ofisi. Akaandika jaribio: chukua wateja ishirini wa kwanza, kila mmoja mtumie ombi la kulipa shilingi moja. Akaandika `just jaribu`. Skrini ikamjibu vizuri kabisa, ishirini kati ya ishirini, hakuna kosa. Akafurahi.

Saa tatu usiku simu ishirini zikawaka huko Kangemi, Mountain View na Loresho. Watu wameketi na familia zao wanaangalia habari, mara ujumbe unatokea juu ya skrini ukiwaomba waweke PIN ya M-Pesa kulipa kitu ambacho hawajaagiza.

Wewe mwenyewe ni Mkenya. Ujumbe kama huo ukitokea usiku utafikiria nini? Wezi. Hakuna mtu anafikiria "pengine ni kijana wa atachimenti anajaribu programu." Mama mmoja alimpigia mwenye biashara akiwa amewaka, akitaka kujua nani ameuza namba yake. Wawili waliweka PIN, wakakatwa hiyo shilingi. Kesho yake mwenye biashara alishinda kwa simu akiomba msamaha. Na kijana akaambiwa asirudi mpaka aitwe.

Mimi niliitwa siku ya pili kuangalia shida iko wapi. Haikuchukua muda. Folda mpya haikuwa na .env, kwa sababu .env haikai kwenye Git, na hivyo ndivyo inafaa. Lakini juu ya faili la kazi, fundi wa kwanza alikuwa ameandika mstari huu:

`set dotenv-load`

Maana yake: just, nitafutie .env upakie. Na just ikikosa .env kwenye folda uliyomo haikati tamaa. Inapanda folda ya juu yake, halafu ya juu zaidi, mpaka ipate. Kwenye folda kubwa ya kazi kulikuwa na .env ya zamani, yenye funguo za kweli, iliyowekwa siku moja ya malipo ya mwisho wa mwezi na hakuna aliyeiondoa. Anwani ya Daraja ya kweli, hifadhidata ya wateja wa kweli, zote kwenye faili moja. Jaribio likabeba zote mbili pamoja. Ndio maana hakuna kosa lilionekana. Kwa kompyuta, kila kitu kilikuwa sawa kabisa.

Hapo ndipo mimi nilikasirika, na si kwa huyo kijana. Tafuta mahali alipokosea. Hakuweka funguo kwenye Git. Hakuandika nywila ndani ya msimbo. Alitumia amri aliyoikuta. Angeambiwa tu "faili ya .env haipo," angeuliza mtu. Hakuambiwa. Programu ilimjibu swali ambalo hakuuliza, ikamjibu kimya, na lawama zikaanguka kwa aliye mdogo kuliko wote pale ofisini.

Kila programu na sheria zake

Mtu atasema shida ni just. Hapana. just hata imejitahidi. Zamani ilikuwa inapakia .env bila hata kuombwa, halafu mwaka wa 2022, ikielekea toleo la 1.0, wenyewe wakaibadilisha: usipoandika unataka, haipakii. Walioitengeneza waliona kwamba ukimya huu una gharama.

Shida ni kwamba hili neno "kupakia .env" linaonekana kitu kimoja, na kila programu ina maana yake.

Chukua make. Watu wengi wanaandika `include .env` wakidhani make inaelewa .env. Haielewi. Inaisoma kana kwamba ni sehemu ya Makefile. Nywila yako ikiwa `pa$word`, make inaona `$w`, inadhani ni kigeu kinachoitwa w, haikipati, na unabaki na `paord`. Ikiwa na alama ya `#`, kila kitu kuanzia hapo kinahesabiwa kuwa maelezo na kinatupwa. Ukiweka alama za kunukuu, zinabaki kuwa sehemu ya nywila. Halafu unashinda siku nzima ukidhani mteja amekupa nywila mbaya, na mteja naye anaanza kudhani wewe ndiye hujui kazi. Na ukiona `-include .env`, ile alama ndogo ya mbele inasema: hata faili isipokuwepo, wewe endelea tu. Kistari kimoja.

Chukua Task. Hapo unaorodhesha faili zako kwenye `dotenv:`, na jina moja likipatikana kwenye faili mbili, faili ya kwanza ndiyo inashinda. Sasa nenda Docker Compose, kwenye `env_file`. Orodha inafanana kwa macho, lakini hapo ya mwisho ndiyo inashinda. Mtu akihama kutoka moja hadi nyingine na orodha yake ile ile, amegeuza nani mkubwa bila kujua. Kama kwenye orodha kuna ya majaribio na ya kweli, hiyo ni bahati nasibu.

Halafu kuna hii ya dirisha lako. Wakati wa kawaida, kigeu kilichopo tayari kwenye mazingira kinashinda kile cha kwenye faili. just iko hivyo, Node pia iko hivyo. Kwa seva hii ni sheria nzuri, seva iwe na neno la mwisho. Lakini kwa laptopu, asubuhi uli-`export` anwani ya kweli ili uangalie kitu kimoja cha mteja, ukasahau kufunga dirisha. Jioni unaendesha jaribio, faili yako ya majaribio iko sawa kabisa, na haisikizwi. Ndio maana kutaja faili ni hatua ya kwanza tu. Lazima pia kazi yenyewe iangalie imepewa nini. Narudi hapo.

Kwa upande wa Node, naipa heko. Tangu toleo la 20.6, mwaka wa 2023, unaweza kuandika `node --env-file=.env`. Unaitaja faili. Isipokuwepo, inakataa kuanza. Wale waliotaka ulegevu waliletewa njia nyingine baadaye, yenye jina linalosema wazi kwamba faili ni "ikiwa ipo". Ukali ndio ulikuja kwanza, na ulegevu unaombwa kwa jina. Hivyo ndivyo inafaa iwe kila mahali.

Kwa nini sisi zaidi

Zana hizi nyingi zimetengenezwa na watu wanaofikiria mtu mmoja, kazi moja, kampuni moja. Ana kompyuta ya kampuni, kuna timu ya usalama, kuna hazina maalum ya kuhifadhi siri. Huko, .env ikichaguliwa vibaya, pengine kuna ukuta mwingine mbele.

Sasa njoo Nairobi. Kijana anaamka Kawangware, anashughulikia mfumo wa kanisa. Saa nne yuko kwenye kahawa moja ya Ngong Road kwa sababu ya Wi-Fi, anafanyia kazi chama. Mchana anashuka tao, mteja ana duka la simu Luthuli Avenue, anataka ripoti ya mauzo. Jioni yuko Westlands kwa mtu wa nyumba za kupangisha. Wateja wanne, laptopu moja, Daraja nne. Zote zinatumia majina yale yale ya vigeu, kwa sababu zote zilianza kwa kunakili mfano ule ule.

Kwa mtu kama huyo, folda ya juu si mahali salama. Folda ya juu ni mteja mwingine.

Na hata hatujaongea vile .env inasafiri. "Nitumie env." Unajua inatumwa kwa nini? WhatsApp. Inakaa kwenye simu yako, kwenye simu yake, kwenye kompyuta ya ofisi iliyofunguliwa WhatsApp, na kwenye folda ya vitu vilivyopakuliwa ikiwa na jina kama `env (3)`. Baada ya miezi sita hakuna anayejua ile iliyoko kwa folda ni ya nani na ni ya lini. Kiendesha kazi kinachosema "nimeona .env, nimeipakia" kinaamini faili ambayo hata wewe mwenyewe huiamini.

Na usifikirie hili linaishia kwa aibu. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka wa 2019. Data za watu zikifikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara, mwenye data anatakiwa kumwarifu Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Na wewe fundi unayechakata data kwa niaba yake unatakiwa kumwambia bila kuchelewa, ikiwezekana ndani ya saa 48. Faini ya kiutawala inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, ile iliyo ndogo. Mwenye maduka kumi pengine ataponea. Muuza maji wa Kangemi, hata asilimia hiyo moja itamuuma, na jina lake mtaani litamuuma zaidi.

Sasa wewe uliyesema ni kitu kidogo

Nimekusikia. Hoja zako nazijua kwa sababu nimezisikia kwenye mikutano yetu yote.

Ya kwanza: "Mgeni akija kwa timu, anataka aandike amri moja programu iwake." Kweli, na hilo ni jambo zuri. Hakuna kitu kinaua moyo wa mwanafunzi kama siku tatu za kuweka mazingira. Lakini kutaja faili hakuongezi amri hata moja kwake. Jina linakaa ndani ya faili la kazi, limeandikwa mara moja. Anayeandika `just jaribu` bado ataandika `just jaribu`. Tofauti ni kwamba akikosa faili, ataambiwa anachokosa, badala ya kupewa ya mtu mwingine.

Ya pili: "Mtu mzima anajua yuko folda gani." Msee, wewe ukiwa stejini tao, mvua inanyesha, saa kumi na mbili jioni, unaona gari limeandikwa 46. Si bado unamuuliza makanga kama linafika Kawangware na linapitia wapi? Unajua kusoma, lakini umeshawahi kuachwa Yaya uambiwe gari linageuza. Kuuliza ni neno moja. Kuachwa njiani ni jioni yote.

Ya tatu, na hii naiheshimu: "Tumieni hazina ya siri, hii .env iishe kabisa." Sawa. Ukiwa na timu na bajeti, fanya hivyo, na hata usinisikize mimi. Lakini biashara inayomlipa fundi elfu kumi na tano kwa kazi nzima haitaanza kulipia huduma ya kila mwezi kwa sababu ya siri kumi. Hao watabaki na .env. Hao ndio naongelea, na ndio wengi.

Na nikupe hii bure: kama programu yako ni ya kuchora chati au blogu yako binafsi, pakia unavyotaka. Hakuna mtu atapigiwa simu usiku. Msimamo wangu ni wa kazi zinazogusa pesa na namba za watu. Lakini Nairobi hii, niambie ni kazi ngapi za mteja hazigusi M-Pesa.

Fanya hivi leo

Mambo manne. Hayachukui hata nusu saa.

Moja, ua jina la `.env` tupu. Kuwe na `.env.majaribio` na `.env.kweli`. Faili yenye jina lisilosema chochote ndiyo mama wa shida zote. Na ya kweli isikae kwenye laptopu kama si lazima. Ikae kwenye seva.

Mbili, taja faili ndani ya faili la kazi. Kwa just, toa ule mstari wa kutafuta, weka huu:

`set dotenv-path := ".env.majaribio"`

Sasa faili umeitaja kwa jina, lakini isipokuwepo usitegemee just yenyewe ikukatalie. Anayetaka za kweli lazima aziandike kwa mkono wake mwenyewe:

`just --dotenv-path .env.kweli tuma-malipo`

Ni ndefu, najua. Nataka iwe ndefu. Unapotuma pesa za mtu, vidole vyako vipate muda wa kufikiri.

Kwa Task, orodha ya `dotenv:` iwe na faili moja, si tatu. Kwa make, usiitumie kusoma .env kabisa. Acha programu yenyewe isome, kama vile Node inavyofanya.

Tatu, kazi iangalie imepewa nini kabla ya kuanza. Mstari wa kwanza wa kazi ya kujaribu uwe huu:

`test "$DARAJA_URL" = "https://sandbox.safaricom.co.ke"`

Kama si hivyo, kazi inakufa hapo. Hii ndiyo inakuokoa na lile dirisha la asubuhi ulilosahau. Kwenye Task, kitu hicho hicho kinakaa chini ya `preconditions`, na unaweza kuweka ujumbe wako mwenyewe kwa Kiswahili. Huo mstari mmoja ungekuwepo kule Kangemi, simu ishirini zingelala.

Nne, kama .env iliwahi kuingia kwenye Git au kutumwa WhatsApp kwa mtu ambaye hayuko tena kwa kazi, badilisha funguo. Kuifuta faili haitoshi, Git inakumbuka historia yote. Weka funguo mpya, za zamani zife.

Neno kwa wakubwa

Mwisho, naongea na nyinyi mnaoandika haya mafaili ya kazi kwanza kabla ya wengine kuyakuta. Mafundi wenye uzoefu. Ule mstari wa kupakia .env mliuandika siku moja mkiwa na haraka, ukawasaidia nyinyi, kwa sababu mlijua kila folda ina nini. Halafu mkaenda kazi nyingine. Anayekuja nyuma yenu hajui. Mara nyingi ni wa atachimenti, analipwa nauli tu, na anaogopa kuuliza swali asije akaonekana hajui.

Huyo ndiye mnamtengenezea. Mwacheni akutane na ujumbe unaosema "faili haipo, muulize aliyekupa kazi." Hiyo ni heshima. Kumwekea mtego kimya halafu kumwita mzembe si heshima.

Kijana wa Kangemi alirudishwa kazini, kama mnauliza. Mwenye biashara nilimkalisha chini, nikamwonyesha mstari mmoja mmoja. Alichosema ni kwamba haelewi kompyuta, lakini anaelewa mtu kutumwa dukani bila kuambiwa alete nini.

Sasa fungueni folda zenu. Mkiona .env tupu kwenye folda ya juu, mniandikie hapo chini ilikuwa ya mteja yupi. Jina lake msitaje, na funguo msiweke. Nawajua.